Jipu linalorudi juu ya kifandugu: Si kila upasuaji mkubwa ndio bora

Vijana wengi wenye maradhi haya huyaficha kwa miezi, wengine kwa miaka. Hukalia upande mmoja wa kiti, huchagua suruali nyeusi ili doa la usaha lisionekane, na wakiulizwa husema mgongo unawauma. Kinachowasumbua ni uvimbe ulio juu ya mfereji wa makalio, mahali ambapo uti wa mgongo huishia kwenye kifupa kidogo kiitwacho kifandugu. Uvimbe huo huiva, hupasuka, hutoa usaha wenye harufu na wakati mwingine damu, kisha hunywea. Baada ya wiki au miezi hurudi palepale. Nyumbani huitwa jipu. Katika vitabu vya tiba huitwa sainasi ya pilonidali, yaani tundu lenye kiota cha nywele.

Anapofika hatimaye mbele ya daktari wa upasuaji, mgonjwa huwa na swali moja tu: nitapasuliwa lini? Swali asiloliuliza, ambalo lina uzito zaidi kwa miaka yake ishirini ijayo, ni hili: nitakatwa wapi, na kidonda kitafungwa vipi? Maradhi yenyewe hayaui ila kwa nadra mno. Lakini upasuaji usiofaa unaweza kumwachia kijana kidonda kinachomtesa kuliko ugonjwa uliompeleka hospitalini.

Kwa miongo kadhaa madaktari waliamini kwamba kukata zaidi ndiko kuponya zaidi. Ushahidi uliokusanywa tangu Vita vya Pili vya Dunia umeigeuza imani hiyo, ingawa mabadiliko hayo bado hayajafika katika kila chumba cha upasuaji.

Nywele zinazojichimbia

Daktari Mwingereza Herbert Mayo aliandika mwaka 1833 juu ya tundu lenye nywele karibu na kifandugu. Mwaka 1880 Mmarekani R. M. Hodges akaupa ugonjwa huo jina lake la sasa, kutokana na maneno mawili ya Kilatini: pilus, unywele, na nidus, kiota. Jina hilo lilieleza kilichoonekana bila kueleza chanzo chake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu huzaliwa na kasoro hiyo, masalio ya ukuaji wa mtoto tumboni mwa mama yake. Dhana hiyo ilikuwa na matokeo makubwa kwenye meza ya upasuaji: kama kasoro imo tangu kuzaliwa, basi sharti ing'olewe yote pamoja na mizizi yake, hadi kwenye utando unaofunika mfupa.

Vita vya Pili vya Dunia viliuweka ugonjwa huu mbele ya macho ya watu. Karibu wanajeshi 80,000 wa Marekani walilazwa hospitalini kwa sababu yake, kwa wastani wa takriban siku 55 kila mmoja. Idadi hiyo si ndogo kwa jeshi linalohitaji kila askari. Mwaka 1944 daktari Louis Buie aliuita ugonjwa wa jeep, kwa kuwa wengi walikuwa wakiendesha au kupanda magari hayo magumu kwenye njia mbovu. Kama kweli gari ndilo lenye hatia, au kama ni umri wa askari, jasho na uchache wa maji ya kuoga, bado wataalamu hawakubaliani. Lakini jambo moja lilidhihirika wakati huo: siku nyingi za kulazwa hazikusababishwa na jipu lenyewe, bali na vidonda vikubwa vya upasuaji vilivyokataa kufunga.

Kisha ikaja habari ya kinyozi. Mwaka 1946 Patey na Scarff, madaktari wa London, walieleza tundu lenye nywele lililoota mkononi mwa mtu wa kazi hiyo, katikati ya vidole. Nywele zilizomo hazikuwa zake. Zilikuwa za wateja. Hakuna mtu anayezaliwa na masalio ya namna hiyo kati ya vidole. Ikawa vigumu kuendelea kusema kwamba ugonjwa wa kifandugu ni wa kuzaliwa nao, na tangu hapo maoni ya wengi yameelemea upande wa pili: unywele uliokatika hutoka nje na kuingia ndani.

Namna unavyoingia inaeleweka vizuri sasa. Nywele zilizokatika hudondoka kutoka kichwani na mgongoni, zikakusanyika katika mfereji wa makalio, ambao ni mwembamba, wenye joto na unyevu. Mtu akitembea au akikaa, makalio husuguana na kuusukuma unywele, na ncha yake hutoboa ngozi iliyolainishwa na jasho. Unywele una magamba madogo mno, yote yakielekea upande mmoja, hivyo ukishaingia husonga mbele tu wala haurudi nyuma, kama shuke la mpunga lililopenya kwenye mkono wa shati. Mwili huuona kuwa ni kitu kigeni na kupigana nao. Matokeo ni handaki chini ya ngozi, likiwa na vitundu vidogo juu yake katikati kabisa ya mfereji, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa ncha ya kalamu. Tafiti za Ujerumani za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba nywele nyingi zinazokutwa humo ni fupi, zenye ncha kali zilizokatwa, na zinafanana zaidi na nywele za kisogoni kuliko za makalio. Inaonekana kinyozi yumo katika hadithi hii mara mbili.

Mtu aliyeieleza hesabu hiyo kwa ufasaha kuliko wengine ni George Karydakis, daktari wa upasuaji wa jeshi la Ugiriki, ambaye aliwapasua maelfu ya wanajeshi. Kwake yeye, ugonjwa huhitaji mambo matatu: nywele zilizolegea, nguvu inayozisukuma, na ngozi dhaifu inayokubali kutobolewa. Zote tatu hukutana chini ya mfereji wenye kina. Kwa hiyo daktari anayeondoa tundu na kuuacha mfereji ukiwa na kina kilekile, tena na kovu jipya chini yake, ameondoa matokeo na kuacha sababu.

Nani huupata

Huu ni ugonjwa wa ujana. Huanza baada ya kubalehe na hupungua sana baada ya umri wa miaka 40. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1995 ulikadiria wagonjwa 26 kwa kila watu 100,000, wanaume wakiwa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati na Ghuba, ambako nywele za mwilini ni nyingi na nene, ni jambo la kila siku hospitalini. Uchunguzi wa wanajeshi 1,000 wa Uturuki uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta 88 wakiwa nao, wengine bila wao wenyewe kujua. Waswahili walioishi Muscat au Dubai huenda wamewahi kumsikia jamaa au mfanyakazi mwenzao akiutaja.

Miongoni mwa Waafrika weusi ugonjwa huu ni mchache zaidi, na uchache huo una hatari yake. Mhudumu anayeuona mara moja kwa mwaka huudhania kuwa jipu la kawaida, fistula ya njia ya haja kubwa, au kifua kikuu cha ngozi. Mgonjwa hupewa antibaiotiki mara tatu, mara nne, usaha ukapungua na kurudi. Tofauti huonekana kwa anayetazama vizuri. Fistula ya haja kubwa hufunguka karibu na njia ya haja, ilhali vitundu vya pilonidali viko juu zaidi, katikati ya mfereji, na mara nyingine ncha ya unywele huonekana ikichungulia. Kwa kawaida picha za gharama kubwa hazihitajiki. Kinachohitajika ni mgonjwa akubali kulala kifudifudi na daktari atenganishe makalio chini ya taa nzuri. Msichana anayeona haya ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, au awepo muuguzi wa kike. Haya ndiyo huchelewesha tiba kuliko umbali wa hospitali.

Kukaa muda mrefu, unene wa mwili na kuwa na ndugu mwenye ugonjwa huu hutajwa miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kuupata. Madereva wa malori wanaotoka Mombasa au Dar es Salaam hadi Kigali na Bujumbura, na waendesha pikipiki wanaoshinda juu ya tandiko tangu alfajiri, wana sababu ya kutoudharau uvimbe wa mahali hapo.

Jipu bichi ni jambo jingine

Ni lazima kutofautisha hali mbili ambazo mgonjwa huzichanganya. Ya kwanza ni jipu lililoiva ghafla: uvimbe mwekundu, joto, maumivu yasiyomruhusu mtu kukaa. Tiba yake ni kulipasua na kutoa usaha siku hiyohiyo, chini ya ganzi au nusu kaputi. Antibaiotiki pekee haziliponyi jipu lenye usaha. Huongezwa pale maambukizi yanapoenea kwenye ngozi inayolizunguka, au mgonjwa akiwa na homa, kisukari au kinga dhaifu. Daktari mwenye uzoefu hukata pembeni kidogo ya mstari wa katikati, kwa sababu mkato wa pembeni hupona upesi kuliko ule ulio ndani ya mfereji.

Takriban nusu ya wanaotibiwa hivyo hawatahitaji upasuaji mwingine. Ndiyo maana si busara kumfanyia mtu upasuaji mkubwa siku ambayo jipu limeiva; nyama zimevimba, mipaka ya ugonjwa haionekani, na daktari hukata zaidi ya inavyohitajika. Hali ya pili, ya tundu sugu linalovuja au kuvimba mara kwa mara, ndiyo inayozungumziwa watu wanapotaja operesheni ya pilonidali.

Na kuna hali ya tatu, ya mtu mwenye vitundu visivyouma wala kutoa chochote. Huyo haitaji kisu. Hospitali moja ya kijeshi huko Hawaii ilitangaza mwaka 1994 kwamba, kwa kunyoa nywele za eneo hilo kila wiki, kudumisha usafi na kupasua majipu tu yanapotokea, siku za kulazwa kwa wagonjwa wake zilishuka kwa kiasi kikubwa mno, na waliohitaji upasuaji mkubwa katika miaka 17 walikuwa wachache sana.

Njia ndogo

Mwaka 1980 John Bascom, daktari wa mji wa Eugene katika jimbo la Oregon, Marekani, alitoa wazo lililoonekana dogo mno kuwa kweli. Badala ya kuondoa pande zima la nyama, aliondoa vile vitundu tu vya katikati, kila kimoja kwa kipande cha ngozi chenye ukubwa wa punje ya mchele, kisha akafungua mkato wa pembeni ili kusafisha handaki na kutoa nywele. Kazi hiyo huweza kufanywa kwa ganzi ya mahali hapo, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Baadaye madaktari wa Israeli, wakiongozwa na Moshe Gips, waliieneza namna inayofanana nayo kwa kutumia vifaa vya duara vinavyotoboa ngozi kwa ukubwa uliopimwa.

Wengine huingiza fenoli ndani ya handaki ili kuunguza utando wake. Ni dawa ya bei nafuu, nayo hutumika sana Uturuki, lakini ni sumu inayounguza ngozi yenye afya. Ngozi ya pembeni hupakwa mafuta mazito ya kuikinga kabla ya kuanza. Haina nafasi kabisa nyumbani, wala mikononi mwa muuza dawa wa mtaani. Ziko pia njia za kisasa zaidi: kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya tundu, iliyobuniwa na Mwitalia Piercarlo Meinero, humwezesha daktari kuona nywele, kuzitoa na kuunguza kuta; na waya wa leza huunguza handaki kutoka ndani hadi linyauke.

Uzuri wa njia hizi zote ni kwamba mgonjwa hurudi kazini baada ya siku chache, maumivu ni madogo, na kama zikishindwa hazijaharibu uwezekano wa kufanya operesheni nyingine. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi kuliko baada ya upasuaji mkubwa uliofanywa vizuri, na haziwafai wenye mahandaki mengi yaliyotapakaa. Kamera na leza zinahitaji mashine ghali, na anayeambiwa asafiri nchi jirani kuifuata leza afikirie mara mbili: kwa tundu dogo, kisu kidogo cha Bascom mkononi mwa aliyekizoea kinaweza kutosha.

Tatizo la mstari wa katikati

Upasuaji mkubwa huondoa eneo lote lenye ugonjwa. Baada ya hapo daktari hubaki na shimo, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Anaweza kuliacha wazi lijijaze lenyewe kutoka chini. Njia hii ni rahisi kwa daktari na ni ngumu kwa mgonjwa. Kidonda hicho husafishwa na kufungwa shashi kila siku au kila baada ya siku chache, kwa wiki sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi sana. Kwa mwanafunzi huo ni muhula. Kwa mwendesha pikipiki anayelipwa kwa siku ni kodi ya nyumba ya miezi miwili au mitatu, pamoja na nauli ya kwenda kituo cha afya na bei ya shashi. Gharama hizo haziandikwi kwenye risiti ya operesheni, na ndizo ambazo familia hulemewa nazo. Wapo madaktari wanaopunguza ukubwa wa shimo kwa kushona kingo za ngozi kwenye sakafu yake. Hupona mapema kidogo. Faida ya kuacha wazi ni kwamba usaha haufungiwi ndani, na pale ambapo maambukizi ni makubwa bado ni uamuzi unaoeleweka.

Anaweza pia kuvuta kingo mbili na kuzishona moja kwa moja katikati. Kwa macho ya mgonjwa hii ndiyo operesheni safi kuliko zote: mshono mmoja ulionyooka, hakuna shimo, siku chache hospitalini. Kwa ushahidi uliopo, ndiyo mbaya kuliko zote. Mshono huo umelala chini ya mfereji uleule, ndani ya jasho lilelile, ukivutwa pande mbili kila mtu anapokaa. Mara nyingi huachia. Ukipona, kovu lake huwa mlango mpya wa nywele.

Mapitio ya tafiti yaliyofanywa chini ya mtandao wa Cochrane, yaliyochapishwa mwaka 2007 na kuhuishwa mwaka 2010, yalifikia hitimisho ambalo si la kawaida kwa waandishi wake, ambao huwa waangalifu: ikiwa kidonda kitashonwa, basi mshono uwe nje ya mstari wa katikati. Mwaka 2018 watafiti waliokusanya taarifa za zaidi ya wagonjwa 80,000 walionyesha jambo jingine linalopaswa kumzindua kila daktari anayejisifia matokeo ya mwaka mmoja. Kadiri wagonjwa walivyofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, ndivyo ugonjwa ulivyozidi kurudi. Na kwa walioshonwa katikati, kiwango hicho kilifika karibu theluthi mbili baada ya miaka 20. Daktari aliyemwona mgonjwa wake mara ya mwisho siku ya kutoa nyuzi hawezi kujua hayo.

Kuuhamisha mshono, kuusawazisha mfereji

Njia zenye matokeo mazuri zaidi kwa ugonjwa mkubwa zina wazo moja. Karydakis, aliyeitangaza njia yake mwaka 1973, alikata kipande chenye umbo la yai kikiwa kimeegemea upande mmoja, akainua ukingo wa ngozi na mafuta wa upande wa pili, akauvuta hadi ng'ambo na kuushona pembeni. Matokeo yake ni kwamba mfereji hupungua kina na kovu hukaa mahali penye hewa. Katika maelfu ya wagonjwa wake, ugonjwa ulirudi kwa takriban mmoja kati ya mia.

Njia ya pili ina jina la Alexander Limberg, daktari wa Leningrad aliyekuwa bingwa wa kurekebisha nyuso na taya, wala hakuwa na shughuli yoyote na makalio. Mwaka 1946 alieleza hesabu za kuziba shimo lenye umbo la almasi kwa kipande cha ngozi cha umbo hilohilo kinachochorwa kando yake. Wapasuaji wa pilonidali waliichukua jiometri hiyo. Eneo lenye ugonjwa huondolewa kwa umbo la almasi. Kisha kipande cha ngozi na mafuta cha kwenye kalio hukatwa pande zote isipokuwa upande mmoja, ambamo damu huendelea kupita, na kuzungushwa hadi kijaze pengo. Mfereji hujazwa na kuwa karibu bapa. Kasoro yake ni kovu kubwa lenye pembe, na sehemu ya ngozi inayoweza kubaki na ganzi. Vijana wengi huchukizwa na kovu hilo wakiliona kwenye kioo, na ni haki yao kuonyeshwa mchoro wake kabla ya kukubali. Baadhi ya madaktari siku hizi huisogeza pembe ya chini kabisa kutoka katikati, kwa sababu hapo ndipo kidonda hulowa na kuachia.

Bascom naye hakuishia kwenye punje za mchele. Kwa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa mara nyingi bila kupona, alibuni upasuaji wa kuuinua mfereji: ngozi mbovu pekee huondolewa, mafuta ya chini yake huachwa, kisha ngozi nzima ya upande mmoja hutandazwa juu ya pengo ili kilichokuwa bonde kiwe tambarare.

Kwa hospitali za ukanda huu kuna jambo la kutia moyo hapa. Hakuna hata moja kati ya njia hizi tatu inayodai mashine ghali. Zinadai kisu, nyuzi, ganzi ya uti wa mgongo au nusu kaputi, mrija wa kutolea majimaji kwa siku chache, na daktari aliyefundishwa. Kikwazo ni huyo wa mwisho. Nchini Rwanda mwenye bima ya mutuelle huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kama tatizo limekomaa anaweza kuomba aelekezwe kwenye hospitali ya rufaa yenye wapasuaji waliobobea. Ni afadhali kuomba rufaa hiyo kabla ya operesheni ya kwanza kuliko baada ya ya tatu. Maswali ya kumuuliza daktari ni mepesi, wala si utovu wa adabu kuyauliza: mshono utakaa katikati au pembeni, amekwisha kuifanya njia hiyo kwa wagonjwa wangapi, na kidonda kikiachia nani atakihudumia.

Baada ya kisu

Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne hivi, na wengi waliofanyiwa njia ya Karydakis au Limberg hurudi kwenye kazi nyepesi baada ya wiki mbili hadi nne. Kabla ya hapo mgonjwa hulala kifudifudi au kiubavu. Kuchuchumaa huvuta mshono, hivyo mwenye choo cha shimo nyumbani apange mapema namna ya kupata kiti chenye tundu. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza. Matunda, mboga na maji ya kutosha humwepusha na kujikamua chooni. Sigara huchelewesha kupona, nayo iachwe kabla ya operesheni, si baada yake. Mwenye kisukari adhibiti sukari kwanza.

Kuhusu kunyoa, ushauri umegawanyika, na si kwa uzembe wa madaktari. Wale wa Hawaii walifanikiwa kwa wembe wa kila wiki, lakini bila upasuaji mkubwa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba, miongoni mwa waliokwisha kupasuliwa, walioendelea kunyoa kwa wembe walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wasionyoa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba wembe huacha vipande vifupi vyenye ncha kali, na hivyo ndivyo hasa vinavyotoboa. Kuondoa nywele kwa leza kunaonekana kuwa na matumaini zaidi, ila kunahitaji vipindi kadhaa na fedha. Jambo lisilogharimu kitu ni kuoga mara baada ya kutoka kwa kinyozi, kabla nywele zilizokatwa hazijateremka mgongoni.

Majani ya kubandika, maji ya betri na unga wa vidonge vilivyosagwa ni vitu ambavyo wauguzi huvikuta ndani ya vidonda hivi. Vyote huunguza nyama na kuchelewesha tiba. Homa, uwekundu unaoenea, damu isiyokoma au harufu mpya kutoka kwenye mshono humrudisha mgonjwa hospitalini siku hiyohiyo. Na tundu lililovuja kwa miongo, hasa likianza kuota nyama ngumu, lichukuliwe kipande cha kupimwa, kwa kuwa saratani hutokea ndani yake kwa nadra sana, lakini hutokea.

Wapo pia waliokwisha kupasuliwa mara mbili au tatu, wenye kidonda kisichofunga kwa mwaka na zaidi, ambao wameambiwa waendelee tu kubadilisha shashi. Mara nyingi kidonda hicho kimekaa chini kabisa ya mfereji, karibu na njia ya haja, mahali pasipopata hewa. Kwa watu hao hasa ndipo Bascom alipobuni upasuaji wake wa kuuinua mfereji, na kwa wengi wao ngozi ilifunga wiki chache baada ya bonde kuondolewa.